Ana akili, ila kalamu inamshinda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba ya watoto soko la Memorial. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa kati, wa kiume, ana miaka 10 na yuko darasa la nne.

Mtoto huyu si mjinga. Mtume dukani na elfu kumi, mtajie vitu vitano, atarudi na chenji sahihi na atakueleza hesabu yake bila kalamu. Mwalimu wake mwenyewe anakiri kwamba kwenye maswali ya mdomo anawapita wenzake. Balaa linaanza akishika kalamu. Mwandiko hausomeki. Herufi moja kubwa kama embe, nyingine ndogo kama punje ya ulezi, na mstari anauacha anapanda juu. Anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Wenzake wakimaliza kunakili ubaoni yeye yuko mstari wa tatu, na ubao unafutwa.

Wala si kuandika tu. Vifungo vya shati anafunga vikipishana. Kamba za viatu hajui kufunga mpaka leo, anazichomeka ndani ya kiatu na kutembea akiburuta. Chai lazima imwagike. Kwenye chandimu hachaguliwi, na wakikosa mtu wanamweka golini halafu wanamlaumu. Siku hizi amejitoa, anacheza na watoto wa chekechea.

Anatumia mkono wa kushoto. Mama mkwe wangu, yuko Kibosho, anasema mkosi wote umeanzia hapo. Likizo ya Juni mtoto alikaa kwake, akamfunga kitambaa mkono ule ili azoee wa kulia. Alirudi amekuwa mkimya na ameanza kukojoa kitandani, jambo ambalo lilikwisha akiwa na miaka minne.

Shuleni anachapwa. Mwezi uliopita alichapwa kwa ajili ya daftari chafu, vidole vikavimba. Baba yake ni fundi seremala, ana karakana ndogo Majengo. Yeye anasema mtoto ni goigoi na mimi ndiye ninayemdekeza. Jumamosi moja alimchukua karakana akampa nyundo, mtoto akajigonga kidole mara mbili, baba mtu akamrudisha nyumbani mbele ya wateja.

Nilimpeleka kituo cha afya nikidhani ni macho. Macho mazima. Daktari akamchezesha kidogo, akasema haoni ugonjwa wa mwili, akaniandikia karatasi niende hospitali kubwa, "tiba kwa vitendo". Jirani yangu akasema hiyo ndiyo tiba kazi, ni ya walemavu na waliopooza. Sasa Shangazi, mwanangu anatembea, anakimbia, anaongea. Nikimpeleka huko si ataandikwa mlemavu maisha yake yote? Na ni kazi gani apewe mtoto wa miaka 10?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Alizaliwa kabla ya wakati, ana kilo 1.7. Nilikuwa nabeba marobota ya nguo hadi wiki ile ile. Ni mimi niliyemharibu? Karatasi ya daktari iko kwenye pochi, hii ni wiki ya tano.

Mama wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la usiku, maana mama mwenye mzigo huo kifuani hata ukimshauri vipi hasikii. Ni kweli kwamba watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo hupata shida za namna hii zaidi ya wengine. Lakini wapo waliozaliwa wametimia, kilo tatu na nusu, nao wanazo. Na wapo akina mama waliobeba marobota na ndoo hadi siku ya uchungu wakajifungua kwa wakati, kama walivyo waliolazwa kitandani kwa amri ya daktari na bado mtoto akawahi. Hukumharibu. Ulipokea mtoto wa kilo 1.7, leo ana miaka 10 na anakurudishia chenji sahihi.

La pili linanihusu mimi, na nalisema kwa sababu barua yako imenirudisha mbali. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili Arusha kwa miaka 19. Nilikuwa na mvulana kama wako, wa mkono wa kushoto, mjibuji hodari, daftari limejaa matundu. Nilimchapa kwa mwandiko. Kwenye ripoti yake niliandika "mvivu, aongeze bidii". Miaka mingi baadaye tukapelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili, na mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo akatupa kila mtu glavu nene za bustani. Akatuambia tuzivae, tushike kalamu kwa mkono tusiouzoea, tunakili ubaoni, na yeye akawa anafuta. Baada ya dakika tano kiganja kilikuwa kinauma hadi kwenye kiwiko na nilikuwa sijamaliza mstari wa pili. Yule mtoto akanijia machoni. Nilitoka nje nikalia, na sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Kwa hiyo unaponiambia goigoi, mimi naona mtoto anayefanya kazi mara tatu ya wenzake ili apate nusu ya walichopata.

Wewe unapofunga kifungo hufikirii. Vidole vimeshajua njia, kichwa chako kinawaza bei ya robota. Wapo watoto wenye akili timamu, misuli mizima na macho yanayoona, ambao vidole vyao havijui njia. Kila kifungo ni kama cha kwanza. Kila herufi "a" inabidi aipange upya: aanzie wapi, azunguke wapi, akandamize kiasi gani, asimame wapi. Akiandika sentensi moja ameshachoka, na alichotaka kusema kimeshamtoka. Anakandamiza mpaka karatasi inatoboka kwa sababu haisikii kalamu vizuri mkononi. Inakadiriwa kwamba watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule wako hivyo, wavulana zaidi ya wasichana. Darasa lenye watoto 60 linaweza kuwa nao watatu, na mara nyingi hao watatu ndio wanaoitwa wachafu.

Sisemi mwanao ndivyo alivyo. Hilo lina wa kulisema, baada ya kumpima na kuondoa mengine. Ila kuna jambo nataka uliangalie leo hii. Je, kuna kitu alikuwa anakiweza na sasa hakiwezi? Anaanguka zaidi ya mwaka jana? Akiinuka kutoka chini anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja? Mkono au mguu mmoja ni dhaifu kuliko mwenzake? Likiwepo hata moja, muone daktari wa watoto wiki hii hii, usingoje miadi ya tiba kwa vitendo.

Sasa hilo jina. Jirani yako hakukosea, wengine huiita tiba kazi, lakini "kazi" hapa si kibarua. Kazi ya mtoto ni yale yanayoijaza siku yake: kuvaa, kula, kwenda chooni, kucheza, kuandika, kubeba ndoo bila kumwaga. Ukipeleka mtoto mwenye goti bovu, mtu wa fiziotherapia atashughulika na goti lipate nguvu na linyooke. Wa tiba kwa vitendo atauliza goti hilo linamzuia kufanya nini, halafu ataanzia hapo. Ndiyo, pale utakuta watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, na aliyeungua moto vidole vikakunjamana. Unaweza kumkuta hata kijana wa kidato cha pili aliyeugua akili, anafundishwa upya kuipanga siku yake ili arudi shule. Na utamkuta mtoto kama wako, anayekimbia na kuongea, aliyeshindwa na kamba za viatu. Wote wana haki ya kile kiti.

Unaogopa ataandikwa. Mwanangu, ameshaandikwa. Goigoi, mchafu, mkosi: hayo ndiyo maandishi anayolala nayo, na huenda ndiyo yanayomfanya akojoe kitandani. (Hilo la kukojoa litaje kliniki, usilifiche. Mtoto aliyekuwa mkavu miaka sita hakojoi tena bila sababu, na hofu ni sababu mojawapo.) Karatasi ya kliniki inasema anachoweza, asichoweza, na asaidiweje. Ni mara ya kwanza mtu anaandika jambo la kumsaidia.

Na uko Moshi. Pale hospitali ya KCMC ndiko kilipo chuo ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo wa nchi hii. Wapo wazazi wanaolala njiani kumtafuta mtu wa aina hiyo, na wewe umetenganishwa naye na daladala mbili. Kama unatumia bima, uliza kwanza rufaa yako ianzie wapi, hospitali ya mkoa ya Mawenzi au moja kwa moja KCMC, usije ukarudishwa dirishani.

Siku ya kwanza usitegemee dawa wala mashine. Atakuuliza siku ya mtoto tangu anapoamka. Atamtazama akiandika, akikata karatasi kwa mkasi, akifunga vifungo, akidaka mpira, akisimama kwa mguu mmoja. Halafu, kama ni mtaalamu mzuri, atamgeukia mtoto na kumuuliza yeye mwenyewe: wewe unataka uweze nini? Naomba ukae kimya hapo. Wewe ungesema mwandiko, na nakuelewa, upimaji wa darasa la nne uko mbele. Yeye anaweza kusema kudaka mpira. Mwache aseme, kwa sababu mtoto hujitahidi kwa jambo alilolichagua, na akishinda moja ndipo huamini kwamba mikono yake inafundishika.

Kuna njia iliyobuniwa Kanada ambayo naipenda kwa sababu haihitaji kifaa. Mtoto anataja lengo, anapanga mwenyewe atafanyaje, anafanya, kisha anakagua: mpango wangu umefaa? Wapi umekwama? Mkubwa hamwambii jibu, anamuuliza tu. "Mpira ulipokuja mikono yako ilikuwa wapi?" Mtoto anayeweza hesabu za kichwani kama wako ana silaha ya kutosha kwa njia hii, maana anatumia akili yake kuwafundisha vidole.

Kamba za viatu unaweza kuzianza kesho asubuhi, na uzianzie mwisho. Funga wewe hatua zote, mwachie kuvuta tu vile vitanzi viwili vikaze. Amefunga kiatu! Siku kadhaa zikipita na hilo limekaa, mwachie hatua mbili za mwisho. Hivyo hivyo ukirudi nyuma hadi aanze mwenyewe. Ukimwanzisha mwanzo, kila siku anaishia kwenye kushindwa. Ukimwanzisha mwisho, kila siku anaishia na kiatu kilichofungwa. Tumia kamba nene kidogo, upande mmoja rangi moja, upande wa pili nyingine. Fanyeni mapema, si wakati kengele ya shule inakaribia.

Utasikia watu wanauza vimpira vya kubonyeza na vidude vya kushikia kalamu, wanaahidi mwandiko mzuri baada ya mwezi. Havidhuru. Lakini mtoto hajifunzi kuandika kwa kubonyeza mpira, anajifunza kuandika kwa kuandika, kidogo kidogo, akionyeshwa vizuri. Dakika 10 kila siku, herufi tatu, zinazofanana mzunguko, basi. Kama ni vidole kupata nguvu na wepesi, nyumbani kwako umejaa vifaa: kukanda unga wa chapati, kumenya ndizi za mtori, kuchambua mchele, kukamua soksi, kubana nguo kambani. Na gololi. Mchezo wa gololi unafundisha vidole vitatu vile vile vinavyoshika kalamu, na hauhitaji timu ya kumchagua.

Sasa mkono wa kushoto, na hapa nasema kwa heshima zote kwa bibi yake. Kitambaa kile kisirudi. Kama mtu mmoja katika kila kumi duniani ni wa mkono wa kushoto. Ni jinsi ubongo wake ulivyojipanga, na kumlazimisha ni kumnyang'anya mkono anaouweza na kumwachia asiouweza. Mtoto ambaye mikono inamsumbua tayari, umemwondolea hata ule bora. Najua bibi anasimamia adabu, na adabu yetu ni nzuri: mfundisheni kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia, kumsalimia mkubwa kwa mkono wa kulia. Hilo analiweza. Lakini kalamu, kijiko na mpira aviache vikae kwenye mkono uliovichagua. Mwambie bibi hivyo hivyo, kwamba adabu anaitunza, ila kuandika ni kazi. Nadhani atakusikia zaidi ukienda na mwanawe.

Darasani mtoto huyu akae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Akiketi katikati au kulia, kiwiko chake kinagongana na cha jirani siku nzima, na kila wakigongana yeye ndiye mkorofi. Daftari liwe kushoto kwa kifua chake, limelalia upande, ncha yake ya juu ikielekea kulia. Ashike kalamu juu kidogo ya ncha, sentimita tatu hivi, ili aone alichoandika na asikifute kwa kiganja. Miguu igote chini. Mtoto ambaye miguu inaning'inia anatumia nguvu kutoanguka, na nguvu hiyo inatoka kwenye mwandiko.

Nenda kamwone mwalimu mkuu, asubuhi kabla ya vipindi. Usiende kugomba. Nenda na maombi manne tu: dawati, kiti cha mbele ambapo ubao unamkabili, apunguziwe kunakili au apewe daftari la mwenzake akamilishe, na swali moja moja ajibu kwa mdomo ili wamjue. Ukishapata ripoti ya kliniki, ipeleke nakala na uulize kuhusu muda wa nyongeza. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na ombi hupitia shuleni, kwa hiyo lianze mapema.

Viboko navyo uvitaje, kwa sauti ya chini lakini uvitaje. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwandiko mbaya si kosa la nidhamu. Mimi niliyevunja kanuni hiyo nakuambia: mwalimu wake huenda si mtu mbaya, ana watoto wengi na hakuna aliyempa zile glavu. Mweleze alichokueleza mtaalamu. Wengi hubadilika wakijua. Asipobadilika, panda ngazi kwa ofisa elimu kata.

Nimemwacha baba yake mwisho kwa sababu naona ndiye atakayekusaidia kuliko wote. Yule mzee hakuona uvivu siku ile karakana, aliona aibu, na nadhani aliogopa: huyu atakula nini nikifa? Usimjadili. Mpe kazi ya fundi. Mwambie mtaalamu atahitaji ubao wa kuandikia wenye mteremko, kama jalada la faili nene lililolazwa, na kigoda cha kuwekea miguu kinacholingana na mtoto. Vipimo vitatolewa kliniki, na fundi hapokei vipimo kwa kusimuliwa, ataenda mwenyewe. Akiona mwanawe anavyohangaika na mkasi mbele ya mtu anayeeleza sababu, hutahitaji kusema neno.

Na wakirudi karakana, asianze na nyundo. Aanze na msasa. Kupiga msasa ubao, mikono yote miwili, kufuata uelekeo wa mbao, ni zoezi zuri kwa bega na kiganja, na mtoto anaona matokeo kwa macho yake. Akitengeneza na baba yake ule ubao atakaouandikia, sijui zawadi gani nyingine ungemtafutia.

Itachukua muda. Hesabu miezi, na huenda mwandiko wake usiwe mzuri kamwe, uwe tu wa kusomeka. Wa kusomeka unatosha.

Toa hiyo karatasi kwenye pochi. Siku ya kwenda chukua madaftari mawili, moja la mwaka jana na moja la sasa, pamoja na kurasa zilizotoboka, usizichane. Kama kadi yake ya kliniki ya utotoni bado unayo, ibebe, ile yenye uzito wa kuzaliwa. Mvalishe shati la vifungo na viatu vya kamba, na umwache avivae mwenyewe, hata vikipishana. Mtaalamu anahitaji kuona anavyovaa yeye, si ulivyomvalisha wewe.

Shangazi